Donati za Chachu na Juisi ya Tufaha: Ninavyozifanya Zisinyonye Mafuta

Katika donati hizi chachu ya asili, yaani unga na maji vilivyoachwa vichachuke, haina kazi ya kuumua. Kazi yake ni uchachu na ulaini. Nimejaribu kuiachia mzigo wote, bila beking pauda, na kila mara mambo yakawa yaleyale: unga unalala saa kumi na mbili bila kupanda, ukija kupanda umeshachacha kupita kiasi, na kutoka kwenye mafuta unapata mkate wenye tundu katikati. Tatizo ni sukari. Jumlisha sukari unayopima kwa mizani na ile iliyojificha ndani ya juisi iliyochemshwa. Unazidi theluthi ya uzito wa unga. Kwa kiwango hicho sukari inazinyang'anya maji seli za chachu, nazo zinazubaa. Ndiyo maana gesi naitafuta kwenye beking pauda, na chachu naipa nafasi ya maziwa mgando yanayotumika kwa kawaida kwenye donati za aina hii.

Naanza na juisi, kwa sababu ndiyo inayochukua muda na ndiyo inayoharibika kimyakimya. Donati hizi ni za kaskazini mashariki mwa Marekani, za msimu wa kuvuna matufaha, na huko wanaposema saida wana maana ya juisi mbichi ya tufaha, yenye ukungu, isiyochujwa wala kuchachuka. Uingereza neno hilohilo ni kileo. Unachotaka ni ile ya kwanza. Juisi angavu iliyochujwa inaweza kutumika, lakini ladha yake ni nyepesi. Ikiwa ndiyo uliyonayo, kwangulia tufaha moja chachu ndani yake wakati inachemka, kisha chuja. Iliyoongezwa sukari iache kabisa.

Pima sufuria tupu kwenye mizani na uandike uzito wake. Mimina gramu 500 za juisi, chemsha bila kifuniko kwa moto wa wastani mpaka zibaki gramu 125 hivi. Kwenye sufuria pana ni dakika 25 hadi 35. Kwenye sufuria nyembamba na ndefu inaweza kufika saa nzima. Usikisie kwa macho. Mwanzoni utaona povu dogodogo jepesi, liache au lienguliwe, si kitu. Dakika za mwisho mapovu yanakuwa makubwa, mazito, yanang'aa na kupasuka polepole, na mlio wa kuchemka unashuka. Hapo usiondoke jikoni. Sukari nyingi ya tufaha ni fruktosi, na fruktosi hubadilika rangi kwenye joto dogo kuliko sukari ya kawaida. Dakika tatu za uzembe zinakuachia uchungu ambao mdalasini hauwezi kuuficha. Ikiisha kupoa itakuwa nzito kama asali nyepesi, pengine itagandaganda kidogo kwa sababu ya pektini, kile kinachogandisha jamu. Hiyo ni dalili nzuri.

Vipimo vyangu vinatoa donati 16 hivi pamoja na vitundu vyake, yaani vile vipande vya duara vinavyotoka katikati. Unga wa ngano wa kawaida gramu 390. Chachu gramu 200, iliyolishwa, yaani kuongezewa, unga na maji kwa uzito sawa; ile unayoitoa kabla ya kulisha inafaa kabisa. Juisi iliyopungua gramu 120. Mayai mawili. Siagi laini gramu 60, sukari gramu 130. Beking pauda gramu 10, magadi soda ya kupikia gramu 3, chumvi gramu 6, mdalasini vijiko vidogo kimoja na nusu, na nusu kijiko kidogo cha kungumanga iliyokwanguliwa papo hapo. Ya kopo yenye miezi kadhaa haina harufu, ni vumbi tu.

Chachu iwe na umri gani? Ya siku mbili hadi saba kwenye friji ndiyo ninayoipenda. Asidi na vimeng'enya vyake vimeshaanza kuvunja gluteni, ile protini ya ngano inayovutika, na hapa hilo ni faida: donati inakatika mdomoni badala ya kuvutika. Ya wiki tatu, yenye maji meusi juu, imevunjika mno. Unga unakuwa wa kunata kama gundi na ladha inafunika tufaha. Kama hiyo ndiyo uliyonayo, mwaga maji ya juu, ilishe, ngoja iumuke na kushuka, ndipo uitumie.

Magadi soda yapo kwa ajili ya asidi ya chachu na ya juisi. Gramu tatu zinatosha kuikata makali bila kuifuta. Ukizidisha, donati zinatoka nyeusi kabla ya wakati na zina ladha ya sabuni. Ukitumia chachu changa isiyo na uchachu, punguza hadi gramu moja na nusu.

Kuchanganya ni kazi fupi. Piga siagi na sukari dakika tatu, ongeza yai moja moja, kisha juisi iliyopoa kabisa, kisha chachu. Mchanganyiko utaonekana kama umekatika, na vipande vya siagi vinaelea. Uache hivyo hivyo, unga utaurekebisha. Chekecha vitu vikavu, vimimine vyote kwa pamoja, ukunje kwa mwiko mpaka usione unga mkavu, kisha acha hapo hapo. Mwiko mara ishirini hivi. Anayeendelea kukanda "ili uwe laini" anajenga gluteni, na donati yake itakuwa ngumu, yenye ngozi laini isiyopasuka. Donati hii inatakiwa kupasuka juu kidogo. Mipasuko hiyo ndiyo inayoshika sukari.

Unga sasa utanata vibaya na mkono utakuambia uongeze ngano. Usiusikilize. Utandaze kwenye karatasi ya kuokea iliyonyunyizwa unga kwa unene wa sentimita mbili, ufunike, uuweke kwenye friji saa mbili angalau, au usiku mzima. Baridi inaikaza siagi, ngano inakunywa maji, na unga ule ule ulioshindikana unashikika. Gesi ya magadi itakuwa imetoka mapema, lakini sehemu kubwa ya gesi ya beking pauda inayofanya kazi mara mbili, ikilowa na ikipata moto, inangoja joto la mafuta. Usivuke saa 24. Baada ya hapo unga unalegea, unapata rangi ya kijivujivu, na donati zinatambaa badala ya kuinuka.

Sukuma hadi unene wa sentimita 1.2. Pima kwa rula mara ya kwanza, maana jicho hudanganya: ikiwa sentimita 2, nje itaungua kabla ya ndani kuiva, ikiwa chini ya 1, inakauka kama biskuti. Kikatio changu ni cha sentimita 7.5 na tundu la 2.5. Chovya kikatio kwenye unga kila mara, kata kwa kubonyeza moja kwa moja chini bila kuzungusha, kisha pangusa unga wa ziada kwa brashi. Unga huo ukiingia kwenye mafuta unazama, unaungua, na donati za awamu ya tatu zinatoka na madoadoa na harufu ya moshi. Mabaki unaweza kuyakusanya na kuyasukuma mara moja tu. Rudisha donati zilizokatwa kwenye friji dakika kumi wakati mafuta yanapashwa.

Sasa mafuta, mahali ambapo wengi huharibu kazi yote. Tumia mafuta yasiyo na harufu yanayostahimili joto, alizeti yaliyosafishwa kwa mfano, kina cha sentimita 5 au 6 kwenye sufuria nzito. Pasha hadi nyuzi 185. Ukitia donati tatu yanashuka hadi 175 hivi, na hapo ndipo unapotaka yakae. Ukitia sita yanaporomoka chini ya 165, ukoko unachelewa kuganda, na donati inakunywa mafuta muda wote huo. Kwa hiyo donati yenye mafuta mengi mara nyingi imekaangwa kwa joto dogo, ingawa mtu akiiona hukimbilia kupunguza moto zaidi. Kipimajoto si anasa hapa.

Donati itazama, kisha baada ya sekunde chache itaelea. Kaanga sekunde 70 hadi 90 upande wa kwanza, geuza mara moja, sekunde 60 hadi 75 upande wa pili. Usifuate rangi peke yake, kwa sababu fruktosi ile ile inaifanya iwe ya kahawia mapema. Kaanga vitundu viwili kwanza kama majaribio ya mafuta, halafu donati moja, uipasue. Ukiona ukanda mweusi unaong'aa katikati, ni mbichi: shusha mafuta nyuzi tano na uongeze sekunde kumi na tano kila upande. Ukiwa na kipimajoto cha kuchoma, katikati iwe nyuzi 93 hadi 96.

Opoa na uweke kwenye wavu. Zikilazwa moja kwa moja juu ya karatasi, upande wa chini unalowa kwa mvuke wake wenyewe.

Sukari ya kuvingirishia ni gramu 150 na kijiko kikubwa cha mdalasini, pamoja na chembe ya chumvi. Muda ndio siri: ngoja dakika moja au mbili. Ikitoka moto kabisa, sukari inayeyuka na kuwa maji. Ikipoa, haishiki kitu. Zilizokupita, zipake siagi iliyoyeyushwa pamoja na zile gramu tano za juisi nzito zilizobaki, kisha zivingirishe. Kusema kweli hizo za kupakwa ndizo zenye ladha kali zaidi ya tufaha.

Wasiotaka kukaanga wanaweza kuoka: ongeza mililita 60 za maziwa ili uwe uji mzito, jaza vibati vya donati theluthi mbili, oka nyuzi 180 kwa dakika 10 hadi 12. Ni keki nzuri yenye umbo la donati, basi.

Zinaliwa siku hiyo hiyo. Zinazobaki zigandishe kabla ya kutia sukari. Siku ukizihitaji, ziweke kwenye oveni ya nyuzi 160 dakika nane hivi mpaka ziwe moto ndani, ndipo uzipake siagi na kuzivingirisha.