Jua la Dirishani

Swali la daktari lilikuwa fupi: "Mtoto huota jua wakati gani?" Mdogo wangu alimjibu kwa yakini kwamba kila asubuhi humlaza mwanawe kwenye mkeka chini ya dirisha, kioo kikiwa kimefungwa, mahali ambapo jua huingia vizuri. Mtoto alikuwa na miezi 18 na hajaanza kutembea, vifundo vya mikono yake vimevimba, na baada ya kupimwa damu na kupigwa eksirei ilibainika kuwa ana matege yaliyotokana na upungufu wa vitamini D. Mimi ndiye niliyewasindikiza siku hiyo, na moyo uliniuma, kwa sababu ni mimi niliyemshauri amlaze hapo ili asipigwe na upepo wa kusi.

Kioo hupitisha mwangaza na joto, lakini huzuia karibu miale yote ya urujuanimno aina ya B, ambayo ndiyo inayoiwezesha ngozi kutengeneza vitamini D. Vitamini hiyo hupita kwenye ini, kisha kwenye figo, ndipo iweze kuusaidia utumbo kufyonza kalsiamu na fosforasi kutoka kwenye chakula. Yakikosekana hayo, mifupa inayokua hubaki laini na hupinda kwa uzito wa mwili. Mwaka 1919, mjini Berlin, daktari Kurt Huldschinsky aliwatibu watoto wenye matege kwa taa ya miale hiyo, akaona kwamba mkono mmoja ukimulikwa, mifupa ya mkono wa pili nayo hupona. Ninapenda kuwasimulia akina mama kisa hicho, kwani kinaonyesha kuwa anachokipata mtoto kwenye ngozi husafiri mwilini mwake mwote.

Huenda msomaji akashangaa kwamba ugonjwa huu unapatikana Mombasa, mji ulioko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta. Jua lipo; watoto wetu ndio wasiolifikia. Tulipokuwa wadogo Mji wa Kale, vichochoro vilikuwa na kivuli kutwa, lakini tulikimbilia Makadara kurusha vishada na kucheza gololi mpaka tuitwe. Leo mtoto wa Tudor au Kizingo anaamka ghorofa ya nne, anapelekwa shule kwa gari, anarudi na kuingia madrasa au masomo ya ziada, na anapotoka hapo giza limeingia. Ngozi yetu nyeusi nayo, kwa wingi wa melanini, yaani rangi ya asili ya ngozi, huhitaji muda mrefu zaidi juani kuliko ngozi nyeupe ili kutengeneza kiasi kilekile.

Liko jambo jingine ambalo wazee wetu walituusia kwa nia njema, nalo ni kwamba jua la saa moja asubuhi ndilo bora. Jua likiwa chini, miale tuitakayo hufika kidogo mno. Kipimo rahisi ni kivuli: kikiwa kifupi kuliko urefu wa mtoto mwenyewe, ngozi yake inafanya kazi, na hapa kwetu hali hiyo huanza mnamo saa tatu na nusu. Hakuna haja ya kumchoma kwa jua la adhuhuri. Mtoto mwenye ualbino lazima akingwe wakati wote, na mtoto mchanga haanikwi juani. Kwa kuwa maziwa ya mama yana vitamini D kidogo, daktari aweza kumwandikia matone ya uniti 400 kwa siku, huku akiendelea kunyonya kama kawaida. Kipimo hicho kisizidishwe nyumbani, maana vitamini hii ikipita kiasi hupandisha kalsiamu kwenye damu na kudhuru figo.

Jua pekee halitoshi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 kutoka Nigeria, nchi isiyopungukiwa na jua, ulionyesha kwamba watoto wenye matege waliopewa kalsiamu walipona vizuri kuliko waliopewa vitamini D peke yake. Ndiyo maana mdogo wangu sasa humsagia mwanawe dagaa wakavu pamoja na mifupa yao, na humpa mtindi na kiini cha yai.

Kwa wakubwa kidogo, Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 60 za mazoezi kwa siku kuanzia umri wa miaka 5, na mwangaza wa nje huyakinga macho yao yasishindwe kuona mbali. Mapumziko ya shule ya saa nne asubuhi yanaangukia wakati ule hasa ambao kivuli ni kifupi. Katika shule ya mwanangu watoto walikuwa wakibakizwa darasani saa hiyo wamalize kunakili, nami nilikwenda kuzungumza na mwalimu wake, nikamweleza yaliyompata mpwa wangu. Tangu muhula huu, darasa lake hutoka uwanjani dakika zote 30.

Mpwa wangu alianza kutembea akiwa na miezi 22. Miguu yake bado haijanyooka sawasawa, na tunarudi kwa daktari mwezi ujao.