Nauli alilipa muuzaji, hasara nikabeba mimi

Tulipovunja lakiri na kufungua mlango wa kontena, harufu ya kutu ilitupokea kabla hatujaona kitu. Ndani kulikuwa na vyerehani 180 vya kiwandani. Maboksi ya safu za chini yalikuwa yamelowa hadi yakabonyea, na yaliyokuwa juu yake yameegemeana. Mkaguzi wa shehena alichota maji kidogo yaliyobaki sakafuni, akayadondoshea nitrati ya fedha. Yakageuka meupe kama chokaa.

"Maji ya chumvi," akasema. "Haya hayakuingia bandarini, yameingia safarini."

Nilishusha pumzi. Mkataba wetu ulisema CIF, yaani bei yenye gharama, bima na nauli ndani yake, kisha likafuata jina la bandari yetu. Muuzaji ndiye aliyelipa nauli ya meli, ndiye aliyekata bima. Kwa hesabu yangu, mzigo ulikuwa juu yake mpaka unifikie, na kama umeharibika safarini, hilo ni lake. Nikamwandikia barua kali siku hiyo hiyo.

Alinijibu kwa mistari mitatu tu, kwa heshima, na alikuwa sahihi. Ilinichukua wiki mbili kukubali.

CIF ni mojawapo ya masharti 11 ya Incoterms, yanayogawa gharama na hatari kati ya muuzaji na mnunuzi, na yanayotungwa na Chemba ya Kimataifa ya Biashara yenye makao yake Paris. Toleo la kwanza lilitoka 1936, na hili tunalotumia sasa lilianza kazi Januari 1, 2020. Nilikuwa nimenunua kwa CIF kwa miaka kadhaa bila kujua kwamba sharti hilo lina alama mbili, wala si moja. Gharama za muuzaji zinafika hadi bandari ya mwisho. Hatari yake inakoma mzigo unapowekwa ndani ya meli kwenye bandari ya kwanza. Kuanzia hapo, bahari nzima ni ya mnunuzi, ingawa meli imelipiwa na mwingine. Lile jina la bandari yetu nililolitegemea lilionyesha tu mwisho wa fedha zake.

Nikabaki na bima. Muuzaji alinitumia hati yake, nikaipeleka kudai fidia. Afisa aliyeipokea aliisoma ukurasa mmoja tu.

"Ndugu, hii ni daraja C," alisema.

Sikujua kuna madaraja. Bima ya C inataja ajali kubwa kwa majina: moto, mlipuko, meli kukwama, kuzama, kupinduka, kugongana, mali kutupwa baharini ili kuokoa chombo, na chache nyingine za aina hiyo. Maji ya bahari kupenya kontena wakati wa dhoruba hayamo. Yamo katika daraja B. Wizi haumo katika C wala B. Daraja A ndilo pana: linalipa hasara yoyote ya bahati mbaya isipokuwa zile zilizotajwa kuwa hazilipwi. Nayo Incoterms inamtaka muuzaji wa CIF akate C tu, kwa asilimia 110 ya bei ya mkataba. Alifanya hivyo hasa, bila kupunguza neno. Nilimwandikia tena, safari hii kumwomba radhi.

Kilichonipa afueni kidogo ni kampuni ya meli. Hati yetu ya shehena, ile anayoitoa mwenye meli kuonyesha amepokea mzigo, ilifuata Kanuni za Hague-Visby, za kimataifa kuhusu uchukuzi wa mizigo baharini. Uharibifu usipoonekana kwa nje, kanuni hizo zinataka taarifa ya maandishi ndani ya siku 3 tangu kupokea mzigo, na kesi ifunguliwe ndani ya mwaka 1. Mkaguzi alinisukuma niandike taarifa siku ya pili, na namshukuru mpaka leo. Kampuni ilijitetea kwamba dhoruba ilikuwa kali kupita kawaida, utetezi ambao kanuni zinauruhusu. Tulivutana miezi mingi, tukamaliza kwa malipo ya sehemu tu ya hasara. Vyerehani vingine tulivifungua, tukavisafisha, tukaviuza kama vipuri.

Kabla ya kuagiza tena, nilichukua karatasi ndefu nikachora vituo vyote anavyopitia mzigo: ghala la muuzaji, lori, forodha ya kutoka, uwanja wa kontena, gati, meli, gati ya upande wetu, forodha ya kuingia, lori, ghala langu. Kisha kwa kila sharti nikapiga mistari miwili, mweusi wa gharama za muuzaji na mwekundu wa hatari yake, nione kila mmoja unaishia wapi.

Karatasi ile ilinifundisha kuliko miaka yote ya kununua. EXW, mistari yote miwili inafia mlangoni mwa ghala la muuzaji. DDP, yote miwili inafika hadi mahali pa mwisho palipotajwa, ushuru wa forodha na kodi zikiwa zimelipwa. Katika masharti mengi mistari hiyo inakaribiana. Lakini yale manne yanayoanza na herufi C, yaani CPT, CIP, CFR na CIF, mwekundu unakatika mapema na mweusi unaendelea peke yake mbali sana. Ndiyo yanayompotosha mnunuzi, kwa kuwa jicho hufuata fedha.

Nikaanza kutafuta sharti jipya. Muuzaji alipendekeza kwanza EXW, na bei ilionekana nzuri. Nilikataa. Kwa EXW, muuzaji hana wajibu hata wa kupakia bidhaa kwenye lori, na kibali cha kuzitoa nchini mwake ni kazi ya mnunuzi. Mimi sijasajiliwa kule kama msafirishaji wa bidhaa nje, na sioni kwa nini nihangaike na ofisi za nchi ya mtu ilhali mwenyewe anazijua. DDP yeye aliikataa kwa sababu ile ile, upande wa huku.

Akasema basi tuandike FOB. Hapo tulizungumza kwa muda mrefu, kwa sababu FOB ndilo sharti ambalo kila mtu hudhani analijua. Hatari ya muuzaji inakoma mzigo unapowekwa melini, na sharti lenyewe lilitengenezwa kwa mzigo unaopakiwa humo moja kwa moja. Kontena haliendi hivyo. Muuzaji analifunga ghalani kwake, analipeleka uwanja wa kontena, analikabidhi kwa mwenye meli, kisha linakaa pale siku kadhaa likisubiri. Kwa FOB, siku hizo zote hatari ni ya muuzaji, ingawa kontena halimo tena mikononi mwake. Likiangushwa uwanjani, ugomvi ni wetu wawili. Chemba yenyewe inashauri FCA kwa mizigo ya kontena, ambapo hatari ya muuzaji inakoma anapoukabidhi mzigo kwa mchukuzi mahali palipotajwa, na nilipomwonyesha muuzaji kwamba FCA inamlinda yeye kwanza, alikubali.

Tuliandika FCA, jina kamili la uwanja wa kontena, kisha Incoterms 2020. Mwaka ni lazima uandikwe, kwa kuwa matoleo ya zamani bado yanaweza kutumika iwapo pande mbili zimekubaliana. Na mahali pasiishie kwenye jina la mji. Mji una viwanja vingi, na malipo ya lori kati ya kimoja na kingine lazima yawe na mwenyewe.

Kikwazo kilibaki benki. Tulikuwa tunalipana kwa utaratibu ambao benki humlipa muuzaji akileta hati zilizokubaliwa, na mojawapo ni hati ya shehena inayosema mzigo umeshapanda melini. Kwa FCA muuzaji amemaliza wajibu wake uwanjani, angeipata wapi hati hiyo? Toleo la 2020 liliweka njia: pande mbili zikikubaliana, mnunuzi anamwagiza mwenye meli, kwa gharama yake mnunuzi, ampe muuzaji hati yenye maneno hayo. Nilituma agizo hilo siku niliyokodi nafasi melini. Hatari iliendelea kuhama pale pale uwanjani. Hati ilikuwa kwa ajili ya benki.

Bima nikakata mwenyewe, daraja A, kuanzia uwanja ule hadi ghala langu, kwa asilimia 110. Hata A ina mipaka, na mmoja ulinishtua: haiwajibiki kwa ufungaji mbovu. Hivyo ufungaji ukawa kifungu kizima cha mkataba. Vyerehani vikae juu ya paleti za mbao, vivikwe nailoni, viwekewe mifuko ya kufyonza unyevu. Na kabla ya kupakia, mtu aingie ndani ya kontena tupu, afungiwe mlango, atazame kama kuna mwanga unaopenya popote. Penye mwanga, maji yatapita. Jambo dogo hili naliamini kuliko karatasi nyingi nilizowahi kutia saini.

Vifungu vingine tuliviandika pembeni kwa sababu Incoterms haivigusi kabisa: umiliki wa bidhaa unahama lini, malipo yanafanywa vipi, na mmoja akivunja mkataba nini kifuatwe. Nimekutana na wafanyabiashara wazoefu wanaoamini herufi tatu zimeshamaliza hayo yote. Hazijamaliza.

Wengi huuliza kama sikupata gharama zaidi. Nauli ninayolipa mwenyewe inaonekana kubwa ukiilinganisha na ile iliyofichwa ndani ya bei ya CIF. Lakini zamani, mzigo ukifika, wakala aliyechaguliwa na upande wa muuzaji alikuwa ananiletea orodha ya tozo za bandarini nisizowahi kuziona, na sikuwa na nguvu ya kubishana kwa kuwa mteja wake hakuwa mimi. Sasa naomba mchanganuo kamili kabla ya kukodi: tozo za kushughulikia kontena huko na huku, ada za hati, siku za bure kabla kontena halijaanza kutozwa. Nikijumlisha hadi mlango wa ghala langu, tofauti ni ndogo, na mara mbili ilikuwa upande wangu.

Kwenye shehena ya tatu ya FCA, maboksi 4 yalipotea kati ya bandari na ghala. Lakiri ilikuwa imebadilishwa. Namba haikulingana na ile ya hati ya shehena. Nilipiga picha kabla ya kufungua, nikaandika taarifa jioni ile kwa mwenye meli na kwa bima. Afisa alikuwa yule yule. Alisoma ukurasa wa kwanza, akakuta herufi A, akaniuliza kama nimeleta ankara na orodha ya vifurushi. Nilikuwa nazo mkononi.