Dimbwi la Barabara ya 12
Huu ni mwaka wa tisa nina leseni, na sheria nilidhani nazijua: mwendo 50 kwenye makazi, usimpite mwenzio aliyesimama kwenye pundamilia. Nyingine nilimwachia trafiki anikumbushe kwa elfu 30.

Ijumaa iliyopita, mvua za masika zimeshika, nikawa natoka Raskazone naingia Ngamiani, hapa hapa Tanga. Barabara ya 12 kuna dimbwi nalijua; juu maji tu, chini shimo la kumeza tairi. Nikalikwepa shimo, nikapita ukingoni mbio mbio. Kwenye kioo cha pembeni nikaona kitu cheupe kimegeuka rangi ya chai ya maziwa.

Mzee wa watu, na kanzu yake ya darizi, anakwenda kuswali Ijumaa.

Nikapiga rivasi. "Shikamoo babu. Nisamehe."

"Marahaba." Anakamua upindo, hata hanitazami. "Hukuniona, mjukuu wangu, au uliniona?"

Nilimwona. Nikamwomba nimrudishe kwake akabadilishe. Kabla hajakaa akauliza kama nina kitambaa, asije akanichafulia kiti. Mimi niliyemchafua! Nikamtandikia kanga. Nikamwambia kanzu nitaifua mwenyewe, akakataa: bibi atafua, mimi nilete sabuni.

Usiku nikampigia kaka yangu, dereva wa basi huko Leicester, nikitaka anicheke yaishe. Hakucheka. Uingereza hilo ni kosa: sheria yao ya 1988 inakataza kuendesha bila kuwajali wengine, na kumrushia mtu maji ya dimbwi kumo. Polisi anaweza kukutoza pauni 100 na kukutia pointi 3 kwenye leseni. Akaniongezea ya honi: kwenye makazi, kuanzia saa tano na nusu usiku hadi saa moja asubuhi, ukiwa unakwenda hupigi honi. Gari likisimama ndiyo hupigi saa yoyote, isipokuwa mwenzio anakuletea hatari. Ikija hiyo Tanga, bodaboda wa mtaani kwangu watalala ndani wote. Alfajiri huita abiria kwa honi utadhani wanafungua soko.

Jumamosi nikapeleka mche wa sabuni. Dimbwi lile lile, nikalipita kwa gia namba moja, taratibu. Nyuma yangu daladala ikanipigia honi mwanzo hadi mwisho wa maji.