Friza, daftari na neno "kufilisika"

Jumapili usiku. Umeme hakuna, naandika kwa tochi ya simu.

Jana hatimaye niliandika kila ninachodaiwa. Dola 1,000 za mikrofinansi. Dola 350 za likelemba, upatu wetu wa kupeana pesa kwa zamu: nilipokea zamu ya kwanza, halafu mchango ukanishinda. Dola 300 za mama wa chumba cha baridi, aliyenipa katoni za samaki kwa kuaminiana tu. Na 200 za Lambert. Kwa asiyejua, Lambert wa kwetu Lubumbashi ni jirani mwenye makuta, yaani pesa: anakupa 200 leo, mwisho wa mwezi anataka 300. Jumla 1,850. Nilijumlisha mara tatu nikiomba niwe nimekosea.

Najua kuna watu Kasumbalesa wanaopoteza zaidi ya hapo kwa lori moja kukwama mpakani. Mimi nilipoteza friza moja ya samaki. Umeme ulikatika siku nne, katikati ya mvua za Januari, na mtaa mzima hapa Katuba ukajua kwa pua ninakaa nyumba gani.

Yaya yangu, yaani ndugu yangu mkubwa, yuko Montréal. Nilipomweleza alisema kwa wepesi kabisa: "Mdogo wangu, jitangaze umefilisika. Mimi nilifanya." Kule unaenda kwa sindiki, msimamizi wa waliofilisika, mwenye kibali cha serikali. Deni la dola 1,000 za Kanada linatosha kukufungulia mlango, na kama ni mara yako ya kwanza na mapato ni madogo, baada ya miezi 9 kwa kawaida unaachiliwa. Doa linabaki miaka kadhaa kwenye rekodi yako ya mikopo, lakini unapanda basi na hakuna anayekugeukia. Usiku ule nililala usingizi ambao sikuwa nimeuonja tangu samaki waoze.

Nikamfuata avoka, wakili mmoja tunayesali naye. Ndiyo, alisema, tangu Kongo iingie OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria za biashara za pamoja, mwaka 2012, sheria zake za kufilisika zinatuhusu, na ile iliyorekebishwa mwaka 2015 inamgusa hata mtu mmoja anayejitegemea kwa biashara yake. Tribunali, yaani mahakama, ya biashara ipo, na biashara ndogo ina utaratibu wake mwepesi. Mwalimu wa mshahara hana nafasi humo. Ila neno lenyewe la yaya, "kufilisika kwa mtu binafsi", katika sheria yetu ni adhabu: hupewa mfanyabiashara aliyetenda vibaya, na anakatazwa kufanya biashara. Nilijiona mjinga, maana nilikuwa nimekwenda kuomba kiboko nikidhani ni dawa.

"Hesabu zako ziko wapi, mama?" Nikampa daftari. Ukurasa wa tatu una hesabu za kugawanya za mwanangu. Alizisoma zote kwa heshima, hata akasahihisha moja.

Nimeliwaza wiki nzima. Tuseme jaji angenifungulia mlango. Mikrofinansi ingeandika hasara yake na kuendelea. Lakini katika likelemba tuko kumi na wawili, na mmoja wao alilala siku tatu kwenye mkeka wangu tulipomlilia mama. Meza yake iko kwenye njia yangu, soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi. Tangu Aprili nazunguka nyuma, kwa wauza mkaa, nisikutane na macho yake. Karatasi gani ya tribunali ingeninyoosha njia hiyo?

(Yaya nimemkasirikia kidogo. Labda ni wivu tu.)

Basi siendi. Lambert kwanza, maana deni lake ndilo linalokua usiku na mchana. Mikrofinansi wamekubali kunirefushia muda, riba juu. Ijumaa nilipita mbele ya ile meza, mkononi dola 20. Alizihesabu, akaziweka chini ya kitambaa, akaniuliza kama nimekula.

Friza naiuza. Leo mchana alikuja kijana kuitazama, akafungua mlango, akanusa, akafunga haraka.

"Inafanya kazi, mama?"

"Umeme ukiwepo."

Amesema atarudi kesho na 180.