Chujio la mashine ya oksijeni lilivyonifunza kuuza vifaa tiba

Mwaka wangu wa kwanza nilizunguka na vipeperushi Bahi, Kongwa, Mpwapwa hadi Kondoa. Bei zote nilizijua kichwani. Waganga wafawidhi walinipokea vizuri, wakachukua profoma, yaani karatasi ya makadirio ya bei, na oda hazikuja.

Kisha nikapigiwa simu na kituo cha afya kimoja njia ya Kondoa. Mashine ya oksijeni niliyowauzia ilikuwa inalia, taa ya njano inawaka, na wodini kulikuwa na mtoto wa nimonia. Nilipofika walikuwa wamemhamishia kwenye mtungi uliokaribia kwisha. "Mwanangu, mmetuletea kitu kibovu," sista wa zamu aliniambia. Nilimwamkia, nikaikagua mashine. Ilikuwa imebanwa ukutani. Nikafungua kifuniko cha nyuma: chujio la sifongo limejaa vumbi jekundu, limekuwa zito mkononi.

Mashine hii huvuta hewa ya chumbani, yenye oksijeni asilimia 21 hivi, ikaizuia naitrojeni ndani na kutoa oksijeni ya karibu asilimia 93. Chujio likiziba, hewa haiingii ya kutosha, mashine inapata joto na oksijeni inapungua. Nililiosha kwa maji ya sabuni, nikalianika juani. Kulirudisha likiwa bichi ni hatari, unyevu unaharibu chembe za ndani zinazoshika naitrojeni. Sikuwa na chujio la akiba kwenye gari. Tulingoja likauke huku sista akitazama geji ya mtungi, na kungoja kule kunaniuma hadi leo.

Mashine haikuwa mbovu. Mimi ndiye sikuwaambia.

Tangu siku ile kila mashine naifikisha na machujio mawili ya akiba na stebilaiza, maana umeme wetu unapanda na kushuka. Mafunzo nayafanya na wauguzi wa zamu ya usiku, kwa sababu king'ora kikilia saa nane wao ndio wapo. Usajili wa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, zabuni za NeST, mfumo wa manunuzi ya serikali mtandaoni, kuwahi kabla bajeti ya mwaka unaoanza Julai haijafungwa, hayo nayo ni lazima, ila yanajifunzika kwa wiki chache.

Oda yangu kubwa ya kwanza ilitoka Kongwa. Sista yule ndiye aliyewapa namba yangu. Pale kwake, juu ya mashine, ameandika kwa maka pen: IJUMAA, OSHA CHUJIO, KAUSHA KABISA.