Siku haidramu ilipoanza kupiga

Leo jioni nimerudi nyumbani na viatu vilivyolowa, na kabla sijalala nataka kuandika yaliyotokea mtoni, kwa sababu kwa wiki tano nimekuwa nikijiuliza kama nilifanya vyema kuwatoa wanafunzi wangu wa uhandisi wa mitambo darasani na kuwapa kazi ya kuunda haidramu, yaani pampu inayopandisha maji kwa nguvu ya maji yenyewe, bila umeme wala mafuta.

Kanuni yake ni ya zamani. Mfaransa Joseph Montgolfier aliibuni mwaka 1796. Maji huteremka kwa kasi ndani ya bomba, vali ya nje hujifunga ghafla, na mshindo wa maji yaliyozuiwa hufungua vali ya pili na kusukuma sehemu ndogo ya maji hayo hadi juu. Wanafunzi wote waliieleza vizuri kwenye mtihani. Hata hivyo, tulipofungulia maji, vali ya nje ilijifunga mara moja na haikufunguka tena.

Sikuwaambia kosa liko wapi, ingawa ulimi uliniwasha. Waliikagua pete ya mpira waliyoikata kwenye tyubu ya baiskeli, wakabishana, hadi binti mmoja ambaye darasani hasemi kabisa alipoibonyeza vali kwa kidole gumba na kusema, "Mwalimu, hii ni nyepesi mno, haiwezi kushuka yenyewe." Wakaongeza nati moja kwenye fimbo yake, kisha ya pili. Kwa nati ya tatu ikaanza kupiga, polepole na bila kukosea, kama mtu anayetwanga.

Kwa maji ya lita 20 kwa dakika, mwanguko wa mita 2 na kimo cha kupandishia cha mita 9, hesabu ya ubaoni iliahidi lita 4.4 kwa dakika. Ndoo ya lita 20 ilichukua dakika 8 kujaa, yaani lita 2.5 tu. "Nguvu nyingine imepotelea wapi?" wakauliza. Nimefundisha msuguano miaka mingi, na swali hilo sijawahi kuulizwa.

Chuo Kikuu cha Aalborg, Denmark, kimejenga ufundishaji wake juu ya miradi kama huu tangu kilipoanzishwa mwaka 1974. Ratiba yetu inanipa saa mbili za karakana kwa wiki, na hilo linaniuma.

Kesho wataondoa elbo mbili, yaani viungo vya kona, walizofunga kwenye bomba la kuteremshia maji, kisha watapima upya.