Chandarua Kilichoingia Ziwani

Saa kumi na moja alfajiri soko la Kituku, mjini Goma kando ya Ziwa Kivu, huwa limeshachangamka. Akina mama wamejipanga na ndoo zao wakingoja sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, waliovuliwa usiku, wapagazi wanapiga kelele "njia! njia!", na pembeni, pale mawe meusi ya volkano yanapoingia majini, foleni ya madumu ya njano, bidoni kama tunavyoyaita, inasonga polepole. Nilisimama hapo nikingoja boti ya kisiwa cha Idjwi. Kijana mmoja alikuwa ameketi juu ya jiwe, mkononi ana bomba la sindano lisilo na ncha. Kila bidoni iliyojazwa ziwani ilipita mbele yake, naye alivuta klorini kidogo kutoka kwenye ndoo yake, akaitia, akasema, "Ungoje nusu saa, usikunywe mbio." Msichana wa miaka tisa au kumi hivi, mgongoni mtoto, mkononi bidoni ndogo, alimjibu "ndiyo, yaya", yaani kaka, bila kusimama.

Bomba lile lina maana yake kwa watu wa Goma. Mwaka 1994 kipindupindu kiliua makumi ya maelfu ya wakimbizi waliofurika kwetu kutoka Rwanda, na ugonjwa ule haujatuaga kabisa mpaka leo. Mimi ni muuguzi, nimelaza wagonjwa kwenye vile vitanda vyenye tundu katikati. Ila safari hii, Agosti 2022, miaka zaidi ya miwili kabla ya vita kuingia Goma na Bukavu, sikutumwa kwa ajili ya kipindupindu. Nilikuwa nakwenda kuwafundisha reko, wale wahamasishaji wa afya wa vijijini, namna ya kuzungumza na familia za wavuvi juu ya kupanga uzazi. Mfuko wangu ulikuwa na vidonge, sindano, vijiti vya mfano, vile vya kuzuia mimba vinavyowekwa mkononi, na picha za kuonyesha watu. Juu ya samaki sikubeba hata karatasi.

Boti ilikuwa ya mbao, imejaa sabuni, unga na mabati. Tulipotoka bandarini tukakutana na ekipi, vikundi vya wavuvi wa usiku, zikirudi. Mitumbwi mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu, taa zimezimwa, na wavuvi wanaimba kwa kupokezana huku wakipiga makasia kwa mdundo mmoja. Nimeyasikia maimbo hayo tangu utotoni na kila mara hunituliza moyo.

Mzee mmoja aliyeketi karibu yangu hakutulia. Alizitazama ndoo ndani ya mitumbwi ile, akatikisa kichwa. "Zamani ile ekipi ingerudi inalemewa," aliniambia. "Sasa angalia, banaimba tu."

Msomaji asiyelijua Ziwa Kivu anahitaji maneno machache hapa. Lina kina cha zaidi ya mita 450, lakini kuanzia mita 60 hivi kwenda chini hakuna hewa ya kutosha samaki kuishi. Huko ni methani na kabonidioksaidi zilizolala toka zamani. Kwa hiyo ziwa hili kubwa, kwa samaki, ni kama blanketi jembamba la juu tu. Hata sambaza wenyewe ni wageni. Waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakazoea, wakawa mboga ya kila nyumba kuanzia Goma hadi Bukavu. Na watoto wa sambaza hawakai katikati ya ziwa. Wanakulia kandokando, kwenye ghuba na maji mafupi, pale pale tunapochota maji na kufulia nguo.

Tulifika upande wa Bugarula mchana. Idjwi ni kisiwa cha mashamba ya migomba, kahawa na mananasi, kimejaa watu hadi kwenye vilele, na vita vya nchi kavu kwa sehemu kubwa vilikipita kando. Kina sultani mbili, yaani maeneo mawili ya utawala wa kimila, Rubenga kaskazini na Ntambuka kusini, na kila usultani una Mwami wake, mtawala wa jadi. Nilipokewa na muuguzi mkuu wa kituo, yule tunayemwita titulere. Ni kijana mwenye sauti ndogo anayefanya kazi ya watu watatu.

Mafunzo ya siku ya kwanza yalikwenda vizuri, na sina mengi ya kusema juu yake. Reko wetu wanajua. Wanajua kwamba mama anayezaa kabla mtoto wa kwanza hajafika miaka miwili anajihatarisha na anawahatarisha watoto wote wawili. Hesabu za nchi nzima niliwapa: utafiti wa 2013 na 2014 ulionyesha wastani wa watoto 6.6 kwa kila mwanamke wa Kongo, na katika wanawake 100 walioolewa ni wanane tu waliokuwa wakitumia njia za kisasa. Waliandika. Walipiga makofi. Jioni reko mmoja, mama wa makamo mwenye kitenge cha kijani, akanivuta pembeni: "Mama muganga, njo nikuonyeshe kitu ku mayi."

Vijana watano walikuwa wakivuta wavu kuuleta ufukweni, wawili upande huu, watatu upande ule, miguu ndani ya maji. Yule mama akaninong'oneza jina la wavu ule, "Kaningini." Wavu ulipotoka niliona umeshonwa kwa mkono kutokana na vipande vinne au vitano, vya buluu, vyeupe, na kimoja cheupe kilichogeuka rangi ya chai. Nikainama nikashika pembe ya kile cha buluu. Kitanzi cha kuning'inizia juu ya kitanda kilikuwa bado kipo, na uzi wake wa kiwandani. Nilikitambua mara moja. Ni chandarua kile kile tunachompa mama mjamzito anapokuja kupimwa, tukimwambia alale ndani yake yeye na mtoto ili malaria isiwaguse.

Ndani yake kulikuwa na sambaza wachanga, wadogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, wanapenyeza mwanga kama kioo, macho yao vidoa viwili vyeusi. Mamia yao hayajazi kikombe. Vijana waliwamwaga kwenye beseni, wakatoa nyasi, wakaingia tena majini.

Nilikasirika, sitaficha. Nilitaka kuwafokea. Mama wa kitenge cha kijani akanishika mkono, akanipeleka nyumba ya tatu kutoka pale, kwa mama wa mmoja wa vijana wale. Alikuwa anachambua maharage. Hakukataa kitu.

"Mama muganga, niko na batoto saba," alisema, akikiita chandarua mustikere. "Mulinipa mustikere moja. Saba banaingia namna gani mu moja? Tukasema, afazali ituletee mboga."

Nikamwuliza kama angependa kupumzika kuzaa. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama angependa kunywa maji. Alikuja kituoni mara mbili, alisema. Mara ya kwanza dawa zilikuwa zimekwisha, mara ya pili mume wake alikuwa ziwani na hakutaka kufanya jambo bila yeye kujua. Mimba ya saba iliingia katikati ya safari hizo mbili. Shamba waliloachiwa na babu limeshagawanywa mara tatu. Sehemu ya mume wake inaishia kwenye mgomba wa nne. Kwa hiyo vijana wanakwenda majini.

Usiku huo sikulala vizuri. Chandarua kimoja kilikuwa kimenionyesha kazi yangu yote. Sisi wa afya tunahesabu vyandarua vilivyogawiwa, tunafurahi. Watu wa mazingira wanakuja ufukweni, wanachoma nyavu haramu, wanahesabu walizochoma. Huenda tunahesabu kitambaa kile kile mara mbili, kila mtu kwenye ripoti yake, na yule mama analipia pande zote.

Jambo hili la kuunganisha uzazi na uvuvi halikugunduliwa Idjwi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 huko Palawan, Ufilipino, walijaribu kwa makusudi: Cuyo walishughulikia pwani na samaki peke yake, Coron afya ya uzazi peke yake, na Busuanga vyote viwili kwa pamoja. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kwamba pale walipounganisha walifanya vizuri sawa na wengine au kuwazidi, na kwa gharama ndogo. Vidonge na kondomu viliuzwa na watu wa kijiji wenyewe. Lakini linalonigusa zaidi ni kwamba Ufilipino ilikuwa na mahali pa kuunganishia. Sheria yao ya serikali za mitaa ya 1991 iliteremsha huduma za afya hadi kwenye manispaa, na manispaa hiyo hiyo ina mamlaka juu ya maji ya bahari hadi kilomita 15 kutoka pwani. Anayemlipa mkunga na anayefunga eneo la mazalia ya samaki wanakaa ofisi moja. Karibu nasi zaidi, upande wa Tanzania wa Ziwa Tanganyika, mradi wa Tuungane umekwenda njia hiyo katika vijiji vya Mahale, kwa Kiswahili hiki hiki.

Na sisi? Sheria yetu ya Oktoba 2008 inautambua usultani kuwa serikali ya mitaa kamili, yenye bajeti yake. Kwa maandishi, 40% ya fungu la mapato ya taifa linalokwenda jimboni zinapaswa kushuka hadi kwao. Muulize kapita yeyote, yule mkuu wa kijiji, kama amewahi kuona kivuli cha fedha hizo.

Niliuliza. Asubuhi ya siku ya pili, badala ya kuendelea na picha zangu, tuliomba kapita aite wavuvi. Walikuja kama thelathini, wakakaa chini ya mikaratusi ya kituo, wake zao upande wa pili. Mvuvi mmoja mzee ndiye aliyefungua maneno. Hakutaja vidonge wala samaki. Alimwuliza kijana mwenye kaningini: "Mwanangu, babu yako alilima hatua ngapi?" Kijana akajibu. "Na baba yako?" Akajibu. "Na wewe?" Kijana akanyamaza. Mzee akaelekeza fimbo ziwani: "Na kule ni vilevile." Kutoka hapo sikuhitaji kufundisha sana. Wanaume waliuliza juu ya kijiti, kinakaa muda gani, kinatolewaje, kama mke atanenepa. Niliwajibu moja moja. Kwa miaka mingi nimewasubiri wanaume hao kituoni na hawakuja. Walikuja kwa ajili ya ziwa.

Kapita alikuwa kimya muda wote, anaandika. Mkutano ulipofika kwenye maamuzi alitoa kaye yake, daftari la shule, jalada limeshikwa na plasta, akanionyesha. Ukurasa wa kushoto: waliozaliwa, waliokufa, waliohama. Wa kulia: mitumbwi, nyavu, mwenye nyavu. Chini, kwa kalamu nyekundu, vyandarua na jina la kila mama aliyepewa. Nyumba ya yule mama wa maharage ilikuwa na mstari mmoja: watu tisa, chandarua kimoja, mtumbwi hakuna, wavu mmoja.

"Kila mutu anakuja kuniuliza hesabu yake," alisema. "Ba chanjo banakuja, ba mazingira banakuja, ba mustikere banakuja. Habakutanake hata siku moja. Bote banakutanaka mu hii kaye tu."

Walikubaliana mambo matatu kabla jua halijakaza. Ghuba ndogo chini ya kituo isiguswe na wavu wowote, na wavuvi wenyewe wailinde kwa zamu. Vidonge na kondomu vikae pia kwa mke wa mvuvi anayeuza chumvi na sabuni, chini ya usimamizi wa titulere, ili mtu asipande mlima mara mbili bure. Na vyandarua vitakapogawiwa tena, vihesabiwe kwa mahali pa kulala, kwa kufuata kaye ya kapita. Kijana wa kaningini aliuliza atakula nini miezi ghuba itakapofungwa. Hakuna aliyemjibu vizuri, nami pia sikuwa na jibu. Mzee aliahidi kumpa nafasi kwenye ekipi yake ya usiku. Rwanda, ng'ambo tu ya maji, hufunga uvuvi wa sambaza miezi miwili kila mwaka. Samaki hawajui mpaka, lakini wavuvi wa Idjwi wanaujua.

Yule mama wa watoto saba alikuja kituoni mchana na mume wake. Titulere alimwekea kijiti. Mume alishikilia tochi kwa sababu umeme wa jua ulikuwa dhaifu, na mkono wake haukutikisika.

Niliingia Bukavu kesho yake na boti ya jioni. Mji ule ni mzuri ukiutazama kutoka majini, rasi zake tano zimejinyoosha kama vidole, lakini ukikaribia kule ambako Ruzizi inatoka ziwani kuelekea bwawa la umeme, chupa za plastiki zinaelea kwa wingi hadi unasikia zinavyogongana. Nilibeba maamuzi ya kijiji kwenye karatasi yenye sahihi na dole gumba. Ofisi moja niliyokwenda walinipokea kwa heshima, wakaniambia mambo ya nyavu si yao. Ofisi nyingine, heshima ile ile, wakaniambia mambo ya uzazi si yao. Zote mbili zilinigongea muhuri wa kupokea. Nakala ya tatu ya karatasi ile niliipeleka kwa mjumbe wa usultani aliyekuwa mjini kwa shughuli zake. Yeye aliisoma yote, akauliza boti ya doria ingehitaji mafuta kiasi gani kwa mwezi, akaandika namba niliyomtajia kwenye kiganja chake.

Kabla ya kurudi Goma nilipanda hadi soko la Kadutu. Kaye ya kapita ilikuwa imebakiza kurasa nne; nilizihesabu alipokuwa akinionyesha. Nilinunua mbili kubwa zenye jalada gumu, rula, na kalamu nyekundu mbili, nikavifunga ndani ya plastiki visilowe. Nahodha wa boti ya Idjwi aliviweka chini ya kiti chake, juu ya mfuko wa chumvi, akaniuliza vya nani. Nikamwambia ni vya kapita, avimkabidhi mkononi mwake.